Nimeangalia Duel ya 1971, kwanini hatuonyeshwi sura ya dereva wa lile lori mpaka mwisho?

nuru_ya_jioni

Wakuu habari zenu, naombeni mnisaidie maana tangu jana usiku kichwa changu hakijatulia. Nimeangalia muvi inaitwa Duel na kaka yangu, yeye ndo aliyeileta akasema ni ya zamani sana lakini ukianza hubanduki kwenye kiti, na kweli sikubanduka, hata maji nilikua nayataka nikashindwa kuinuka.

Kwa ambao hamjaiona stori yenyewe ni fupi mno. Jamaa mmoja mtu wa biashara, David Mann, yupo na gari lake dogo jekundu kwenye barabara za jangwani kule California, anawahi kuonana na mteja, mbele yake anakuta tenka chakavu limejaa kutu linatema moshi, anapiga honi, analiovateki kama ambavyo mtu yeyote angefanya, basi. Hilo ndo kosa lake lote. Kuanzia hapo lile lori linamuandama kwa muvi nzima, likipita linapunguza mwendo linamzibia njia, akilipita linakuja nyuma yake kama linataka kummeza, na wala hatuambiwi kwanini.

Sasa tumebishana na kaka mpaka saa 7 usiku. Yeye anasema muvi haijaisha, eti mtu anakusumbua namna ile afu mwisho hatumjui ni nani, hatuoni sura, hatujui alikua anataka nini, anasema mwandishi alikosa sababu ndo maana akaiacha hewani. Mimi moyoni naona sio hivyo ila nikiulizwa nieleze nashindwa, nabaki kusema tu iliniogopesha. Na kitu kingine, pale mwisho jamaa baada ya kushinda anarukaruka kwa furaha kidogo afu anakaa chini pembeni ya genge anatupa vijiwe jua likizama, hasemi kitu. Mbona haendi kutafuta msaada, mbona hashuki kuangalia nani alikua ndani? Naombeni wenye uelewa wa hizi kazi mnifafanulie ili nikirudi kwa kaka niwe na la kusema.

picha_na_sauti

Dada hongera kwa kuiangalia maana wengi wakiona tu mwaka 1971 wanaipita. Ngoja nikujibu kwa kirefu kidogo kwa sababu hii ni moja ya muvi ninazozipenda kuliko zote na nimeirudia mara nyingi.

Kaka yako anasema sababu ilikosekana. Mi naona iliondolewa kwa makusudi kabisa na kuna ushahidi ndani ya muvi yenyewe. Kumbuka tunamuona yule dereva vipande vipande, mkono ukitoka dirishani kumpungia Mann apite, buti zikitembea upande wa pili wa lori pale sheli, basi. Mtu aliyekosa cha kuonyesha asingehangaika kutuonyesha mkono na buti. Tunapewa kiasi cha kutufanya tutafute, na sini ya mgahawani ndo imejengwa juu ya hicho kitu, Mann kakaa mezani anatetemeka, lori anaona limepaki nje, kwahiyo anajua mmoja wa wale wanaume kwenye kaunta ndo muuaji wake, na kitu pekee anachokijua ni buti. Anaanza kuwaangalia miguu mmoja mmoja. Wamevaa buti karibu wote! Anajipa moyo anamfuata mmoja anamuongelesha, anaishia kupigwa, na kumbe sio yeye, jamaa wa watu anaondoka na gari lake lingine kabisa. Afu lori linawashwa lenyewe nje linaondoka. Yani dereva hakuwemo hata mle ndani. Sasa fikiria kama tungekua tumeshaonyeshwa sura, ile sini yote inakufa, tungekua tunajua na yeye hajui, tungekaa tunamsubiri tu agundue. Hapa hatujui sote wawili ndo maana tunaogopa pamoja naye.

Kingine, na hiki mimi kilinichukua muda kukiona, angalia muvi inavyofunga milango. Kila kitu ambacho wewe ukiwa umekaa kwenye kochi ungemshauri afanye, anakifanya, na mlango unafungwa usoni kwake. Mpishe apite, anampisha, lori linapita afu linamsubiri mbele. Kaa pembeni upumzike mpaka lifike mbali, anakaa saa nzima, anakuta limepaki linamngoja. Piga simu polisi, anaingia kwenye kibanda cha simu pale kwa yule mama anayefuga nyoka, lori linakuja linakisaga kibanda na yeye anaruka dakika ya mwisho. Omba msaada kwa watu, anawasimamisha mzee na mkewe, lori linarudi rivasi kuwafuata wanakimbia wanamuacha. Mpaka anaona gari limepaki pembeni anadhani ni polisi, anakata kona kulifuata, kumbe ni gari la watu wa kupuliza dawa za wadudu (na jina la ile kampuni kwenye mlango ni Grebleips, lisome kutokea nyuma utapata Spielberg, ndo mwongozaji wa muvi yenyewe). Ikifika mwisho hakuna mlango hata mmoja uliobaki, amebaki yeye na lori, na ndo maana muvi ikaitwa Duel, yani pambano la wawili. Kama dereva angekua na sababu, mlango mmoja ungebaki wazi, Mann angeweza kuomba msamaha, kulipa, kujadiliana. Bila sababu hakuna cha kujadili.

Historia yake kidogo kama hamjui. Hadithi iliandikwa na Richard Matheson, ikatoka kwenye jarida la Playboy mwaka huohuo 1971, na chanzo chake ni kitu kilichomkuta kweli. Ilikua tarehe 22 Novemba 1963, siku aliyopigwa risasi Kennedy, rais wa Marekani, Matheson na rafiki yake walikua wanarudi nyumbani wamevurugwa na ile habari, lori likawafuata nyuma kwa nguvu kwenye barabara nyembamba mpaka wakalazimika kuchepuka. Aliishika ile hofu miaka yote hiyo mpaka akaiandika, na skripti ya muvi akaandika yeye mwenyewe. Mwongozaji ni Steven Spielberg, alikua na miaka 24 tu, na ilitengenezwa kwa ajili ya TV ya ABC, ikarushwa Novemba 1971. Walipiga picha kwa siku kama 13, kwenye barabara za kweli, wakubwa wa studio walitaka sini za ndani ya gari zipigwe studioni, barabara ikionyeshwa kwa picha nyuma ya dirisha, yeye akakataa. Alichora ramani ya barabara nzima akaibandika ukutani hotelini, kila tukio limewekwa mahali pake, ndo maana ukiangalia hupotei, muda wote unajua lori liko wapi na gari liko wapi.

Swali la mwisho wa muvi nitalirudia, nisikuchoshe.

Mzee wa Tenka

Nawasalimu wote. Mimi sio mtu wa muvi sana ila nimeendesha maroli zaidi ya miaka 20 na hiyo muvi vijana wangu walinionyesha, nikanyamaza kimya mpaka mwisho. Nataka niseme upande wa usukani maana naona watu wengi wanaiangalia wakiwa ndani ya gari dogo.

Kwanza kile kitendo cha mwanzo. Dereva wa lori akiwa na mzigo anaishi kwa mwendo aliokusanya, akiona mlima unakuja anakusanya mwendo tangu mbali ili apande bila kushuka gia nyingi, sasa gari dogo likimpita afu likarudi mbele yake likapunguza, umemuulia mwendo wote, atapanda ule mlima kwa gia ya kobe dakika nyingi. Hasira inakuja, sikatai, nimeshaiona kwa wenzangu. Lakini hasira ya namna hiyo inaisha kwenye honi na maneno, ukifika juu ya mlima umeshasahau. Kwahiyo mimi nilipoona yule anaendelea nilijua huyu hana hasira, huyu yupo kazini. Anaendesha vizuri mno, hiyo ndo iliyonitisha. Mtu mwenye hasira anakosea kona. Yule hakosei, anapunguza pale anapotaka yeye, anaongeza pale anapotaka yeye, na ule mkono aliotoa kumpungia apite wakati gari lingine linakuja mbele, jamani, ile ishara kwetu barabarani ni kama kiapo. Ukimwambia mwenzako pita maana yake umemuonea kule asikoona na roho yake umeishika wewe. Dereva anayeitumia ile ishara kumpeleka mtu kwenye kifo ameshatoka kwenye ubinadamu, hata sura yake mi sikuitaka tena baada ya hapo.

Pili watu wajue kitu kimoja, ukiwa umejibana nyuma ya tela, kama huoni saitimira (vioo vya pembeni) za lori basi dereva naye hakuoni wewe, upo kwenye giza lake. Mle kwenye muvi mambo yamegeuzwa, lori ndo linajibana nyuma ya gari dogo, na Mann akiangalia kioo cha ndani haoni chochote zaidi ya bampa na grili. Aliyepiga picha ile alijua anachofanya, kweli kabisa ndivyo inavyokua, kioo chote kinajaa chuma.

Na zile pleti namba kwenye bampa la mbele mmeziona? Ziko nyingi, za majimbo tofauti tofauti.

nuru_ya_jioni

Mzee wangu shikamoo, nashukuru sana, hizo pleti niliziona nikajua ni mapambo tu ya madereva. Zina maana gani?

Mzee wa Tenka

Marahaba binti yangu. Mimi nilivyoelewa ni za magari aliyokwisha kuyamaliza huko nyuma, anazikusanya. Hakuna anayetamka kwenye muvi, zipo tu pale zinaning'inia.

picha_na_sauti

Mzee umeelewa sawasawa, ndo nia yenyewe ilikua hiyo na Spielberg ameshalieleza. Kwahiyo kaka yake nuru anaposema hakuna maelezo, maelezo yapo, yamening'inizwa kwenye bampa tangu mwanzo.

kijana_mpole

Mi nitakua tofauti kidogo na nyie naombeni mnivumilie. Nakubali lori linatisha, nakubali kutokuonyesha sura ni akili. Kinachonisumbua mimi ni yale mawazo ya Mann tunayosikilizishwa, ile sauti ya ndani ya kichwa chake, hasa mgahawani. Jamaa kakaa uso wake unaonyesha kila kitu, jasho, macho, mikono, afu sauti inaanza kunielezea anachowaza, nifanye hivi au vile, labda nimuendee, labda nimwambie. Kila ikianza ile sauti mimi natolewa ndani ya gari narudishwa kwenye kochi langu. Dennis Weaver aliyeigiza Mann ni muigizaji mzuri wangemuachia uso wake ufanye kazi. Muvi iliyokua na ujasiri wa kunificha sura ya muuaji kwanini haikua na ujasiri wa kunificha mawazo ya anayewindwa?

Na dada kaka yako asionewe, muvi nyingi zinaficha sababu kwa uvivu kweli, asije akaaminishwa kila kisichoelezwa ni ustadi.

Sikitu

Kijana mpole hapo kwenye sauti niko na wewe nusu. Mgahawani ni ndefu nakubali. Ila mimi ile sauti ilinisaidia kwenye jambo moja, unasikia jinsi huyu mwanaume anavyojidanganya, kila saa anajiambia imeisha, ilikua bahati mbaya tu, huyo dereva kalewa, sasa kaenda zake. Na mimi najua ile sauti kwa sababu nimeshawahi kuwa nayo kichwani.

Ilinikuta nikiwa naendesha peke yangu usiku, barabara ndefu haina nyumba. Gari ikatokea nyuma ikaniwashia fulu, nikajua anataka kupita nikasogea nikapunguza, naye akapunguza. Nikaongeza, akaongeza. Nilijiambia labda ni mgeni wa njia anafuata taa zangu ili asipotee, labda na yeye ananiogopa mimi, nilitunga sababu zote nzuri za dunia wakati mikono inateleza kwenye usukani kwa jasho. Sikusimama. Nilifunga milango nikapandisha vioo nikaendesha mwendo uleule bila kushindana naye mpaka nikaona taa za sheli kubwa yenye watu, nikaingia nikapaki chini ya taa kabisa karibu na wahudumu, sikushuka. Ile gari ikapita taratibu sana kama inahesabu, ikaenda zake. Vioo vyeusi, sikuona mtu. Ni miaka mingi sasa na kitu kinachonirudia sio mwanga wa zile taa, ni kwamba sijawahi kujua alikua nani, naweza kuwa nimeshapishana naye dukani nikamsalimia. Kwahiyo dada mwambie kaka yako aliyekosa kuona sura ndo anayeogopa kwa muda mrefu zaidi, mimi nikiangalia ile sini ya buti machozi yalinitoka.

Nirudi kwenye muvi, mbona hakuna aliyetaja ile simu? Kwenye sheli ya kwanza Mann anampigia mke wake kuomba msamaha. Usiku uliopita kwenye sherehe kuna mwanaume alimsumbua mkewe mbele za watu na yeye akakaa tu hakufanya kitu, mke ana uchungu na bado anamjibu kwa utaratibu, na Mann badala ya kusema nilikosea anauliza ulitaka nikapigane naye? Afu kabla ya hapo kwenye redio ya gari kuna mwanaume anayelalamika kuhusu fomu ya sensa, hajui ajaze nini pale penye mkuu wa kaya kwa sababu nyumbani kwake mkuu sio yeye. Yani kabla lori halijaanza vita tumeshaambiwa huyu ni mtu anayekwepa. Anakwepa mke, anakwepa mwanaume wa kwenye sherehe, na barabarani anaendelea kukwepa, anasubiri lipite, anajificha, anaomba wengine wampigie simu. Mimi naona lori limekuja kumfunga kwenye ile tabia yake mpaka asiwe na pa kukwepea, kama picha_na_sauti alivyosema kuhusu milango.

picha_na_sauti

Sikitu pole sana kwa lililokukuta, na ulifanya sahihi kabisa kwenda penye watu na kutoshuka.

Kuhusu simu umenena, ila ujue kitu kimoja, ile simu haikuwemo kwenye muvi ya kwanza. Iliyorushwa kwenye TV ilikua dakika 74. Ilipopendwa wakataka kuipeleka kwenye kumbi za sinema nje ya Marekani, dakika 74 zikawa hazitoshi, wakarudi barabarani kuongeza mpaka 90. Vilivyoongezwa ni ile kutoka nyumbani mwanzo kabisa kamera ikiwa mbele ya gari hatumuoni dereva, simu ya mke, basi la wanafunzi, na pale reli lori linapomsukuma Mann kwenye treni inayopita. Kwahiyo swali zuri ni hili, ile ya dakika 74 isiyo na simu ya mke, Mann ni mtu anayekwepa au ni mtu wa kawaida tu? Mi nadhani ni mtu wa kawaida tu, na hapo inatisha zaidi, maana ukimpa udhaifu mtazamaji anaweza kujiambia mimi sio kama yule.

Ila basi la wanafunzi mimi silitoi hata kwa dawa. Mann anajaribu kulisukuma basi lililokwama, gari lake linanasa chini ya bampa la basi, lori linatokea kwenye tunnel linasimama pale linawasha taa, anachanganyikiwa anawapigia kelele watoto waingie ndani, watoto wanamuona kichaa, anafanikiwa kujinasua anakimbia. Afu akiwa mbali anageuka anaona lori linalisukuma basi kwa upole mpaka linatoka. Limewasaidia! Sasa nani angemuamini?

Sikitu

Hapo mkuu sikubaliani na wewe kwenye simu. Udhaifu wa Mann sio wa kumcheka, ni wa wanaume wengi na wanawake wengi, mimi mwenyewe nilivyokua natunga sababu usiku ule nilikua Mann mtupu. Ile simu ndo iliyonifanya nimuonee huruma.

kijana_mpole

Sikitu pole dada yangu. Na hiyo ya kuchanganya mawazo na kujidanganya sikuwahi kuifikiria, nitaiangalia tena nikiwa nalitafuta hilo. Mgahawani lakini bado ni ndefu.

Wakuu naomba mnieleze kitu cha kiufundi, pale mwisho gari la Mann linaanza kufa kwenye mlima, ni kweli mpira wa rejeta tu (ule wa maji ya kupoza injini) unaweza kufanya vile au wametuongezea chumvi?

Mzee wa Tenka

Hakuna chumvi hapo kijana. Umeikumbuka sheli ya kwanza? Yule muhudumu alifungua boneti akamwambia mpira wa rejeta umechoka, unahitaji mpya, na Mann akamwambia nitashughulikia baadae, alidhani anauziwa vitu. Mpira wa rejeta ukiwa umechoka unavumilia barabara tambarare na mwendo wa kawaida. Ukiubana kwa mwendo mkali muda mrefu, jua la jangwani, afu ukapanda mlima na injini inavuta kwa nguvu zote, joto linapanda na presha ndani ya mfumo wa maji inapanda nayo, mpira unapasuka pale palipolegea. Maji yakishatoka gari linachemsha, linapoteza nguvu, ukilazimisha injini inanoki kabisa hapohapo. Ndo unamuona anabembeleza gari lipande, mwendo unashuka na lori linakua kubwa kwenye kioo. Alivyofika kileleni akaweka nyutro akaliachia lishuke lenyewe, alifanya jambo la kukata tamaa lakini kwa pale ndo lililobaki, ingawa mteremkoni mimi sishauri mtu kuweka nyutro hata siku moja, unabaki na breki tupu, zikipata moto umekwisha.

Mimi ile ya mpira iliniuma kuliko lori, niwaambie ukweli. Mtu aliambiwa. Aliambiwa mapema, na mtu aliyekua hana ubaya naye.

nuru_ya_jioni

Mzee hapo umenifungua macho, ile sini ya boneti niliona ni ya kujaza muda tu! Kumbe waliiweka pale ili ije imkamate mlimani.

Sasa picha_na_sauti uliahidi kurudi kwenye mwisho.

picha_na_sauti

Narudi dada. Mann anageuza gari lake linatazamana na lori kwenye genge, anabana mkoba wake wa kazi kwenye pedeli ya mafuta, ule mkoba aliokua anauwahisha kwa mteja, gari linakwenda lenyewe na yeye anaruka. Lori linaligonga, moto unawaka mbele ya kioo, dereva haoni mbele na hajui kama mwenzake hayumo, anaenda nalo mpaka kwenye ukingo na vyote viwili vinaporomoka.

Hapo TV walitaka lori lilipuke. Tangi lina maandishi makubwa ya kuonya kwamba mzigo unashika moto, kila mtu anasubiri mlipuko, na Spielberg akagoma. Badala yake linaanguka polepole, unaliona linajikunja, na lina sauti kama mnyama mkubwa anayekata roho. Ile sauti aliipenda mpaka akaja kuiweka tena kwenye Jaws ya 1975 wakati yule papa anapozama. Afu kamera inakaa na mabaki, tairi linazunguka, feni, mafuta yanadondoka kwenye usukani taratibu. Hatuoni mwili. Lori ndo limekufa, na kwenye muvi hii lori ndo lilikua mtu, hata kulichagua waliletewa malori kadhaa wayatazame, Spielberg akachukua lile Peterbilt la zamani kwa sababu kwa mbele lina sura, vioo kama macho, pua ndefu. Dada uliuliza kwanini hatuonyeshwi sura. Sura ulionyeshwa dakika zote 90.

Kwanini Mann haendi kuangalia, mi nadhani hana nguvu ya kujua tena. Kwanza anarukaruka na kucheka kama mtoto afu kicheko kinageuka kitu kingine, anakaa. Hana gari, hana mkoba, hana mteja, hakuna aliyeona, hakuna atakayemuamini. Jua linazama na ile barabara bado ipo. Vile vijiwe anatupa kule chini kama mtu anayehakikisha lile lori halijanyanyuka.

Mzee wa Tenka

Kulipuka kungekua kweli pia, hata tangi tupu lililowahi kubeba mafuta lina hatari kubwa kwa sababu ya ile hewa ya mafuta inayobaki ndani, sisi tulikua tunaogopa tangi tupu kuliko lililojaa. Lakini nakubali lilivyoanguka vile inaingia moyoni zaidi. Honi yake ilinibaki masikioni.

kijana_mpole

Aisee. Hayo ya mafuta kwenye usukani sikuyaona, nilikua nimeshaanza kusimama.

Mwenye nyingine za mtindo huu anitajie, mtu mmoja barabarani na kitu kinamfuata.

Sikitu

Angalia The Hitcher ya 1986, hiyo kijana anambeba mtu wa lifti kwenye mvua na ndo mwanzo wa mateso, na hapo sura tunaiona, Rutger Hauer, na bado hatupewi sababu, kwahiyo utaweza kulinganisha mwenyewe. Nyingine ni Breakdown ya 1997 ya Kurt Russell, gari linaharibika, dereva wa lori mwenye roho nzuri anampa mkewe lifti akatafute msaada na mke hapatikani tena. Hiyo yenyewe sababu ipo na inaelezwa. Mimi nilivyojua tu sababu hofu ilipungua nikabaki na hasira. Ni nzuri lakini ni hofu ya aina nyingine.

nuru_ya_jioni

Wakuu nimerudi. Jana nimemkalisha kaka chini tumeiangalia tena mwanzo mwisho na simu yangu nimeifungua hapa nikimsomea majibu yenu. Kwenye bampa tulisimamisha picha, akasogea mpaka karibu na TV akawa anazisoma zile pleti moja moja kimya kimya. Kwenye boneti akasema mwambie mzee nimemuelewa. Kwa yule dereva bado hajakubali moja kwa moja, anasema angetaka japo jina, ila tulipofika sini ya buti nilimuona anaangalia chini ya meza kila mtu anapopita kama Mann mwenyewe.

Asubuhi kabla ya kwenda kazini nimemkuta kafungua boneti ya gari lake anabinyabinya mipira.

Mzee shikamoo tena, Sikitu asante kwa kutushirikisha, picha_na_sauti na kijana mpole nawashukuru sana. Mwenye kujua naipataje ile ya dakika 74 aniambie, Jumamosi tunataka kuiangalia bila simu ya mke tuone nani alikua sahihi kati yenu.